Tangi Kabla ya Betri: Jibu kwa Mhandisi wa Kisiwani

Kijana mmoja anayesimamia mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari ameniandikia akiuliza kama amshauri mwajiri wake anunue betri zaidi, kwa kuwa wana sola ya kutosha na bado jenereta inanguruma usiku kucha. Nilimjibu kwa ufupi kwamba asubiri. Jibu refu ni hili, kwa sababu najua wako wengi wanaotaka kuendesha mifumo mseto ya sola na dizeli bila kufilisika.

Mtambo niliokabidhiwa mimi, kaskazini mwa pwani ya Kenya, ulikuwa umepangwa uende usiku na mchana kwa kasi ileile. Ikifika saa sita za mchana betri zimejaa, inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uweze kuendesha mitambo, inazibana paneli zisitoe zaidi kwa kukosa pa kupeleka umeme, na jua lote lile linapotea bure. Ikiingia usiku, jenereta inawashwa ili pampu ya shinikizo isisimame. Niliandika pendekezo la kurasa chache: tuongeze tangi, pampu iende kwa nguvu zote jua likiwa kali, ipunguzwe alasiri, ilale usiku, na watu watumie maji yaliyokwisha kutengenezwa. Mshauri aliyeletwa kutoka mjini alilisoma mbele ya kikao, akatabasamu, kisha akasema kwamba fundi wa pampu awaachie wasomi kazi ya kusanifu. Kauli hiyo sijaisahau, wala sioni haja ya kujifanya nimeisahau.

Hesabu yenyewe ilikuwa nyepesi. Mtambo mzuri, wenye kifaa cha kuokoa shinikizo lililobaki katika maji mazito ya chumvi yanayorudishwa baharini, hutumia takriban uniti 3 hadi 4 za umeme (kilowati-saa) kwa kila mita ya ujazo ya maji matamu. Mtambo mdogo usio na kifaa hicho huweza kutumia maradufu ya hapo. Kwa hiyo tangi la mita za ujazo 100 likijaa kabla ya magharibi limekwisha kubeba kazi ya uniti zipatazo 350, ambazo usiku hazitadaiwa na betri wala dizeli, na saruji haichakai kwa kujazwa na kumwagwa kama betri inavyochakaa. Si jambo nililolibuni mimi: katika kisiwa cha El Hierro, Hispania, mradi uliozinduliwa mwaka 2014 ukiwa na megawati 11.5 za upepo na mabwawa mawili ya maji hupeleka sehemu ya umeme wa upepo kwenye mitambo ya kuondoa chumvi.

Meneja mwingine alipokuja, pendekezo lilikubaliwa. Oda za dizeli zilipungua kiasi kwamba nahodha aliyekuwa akituletea mapipa aliniuliza kama tumehama. Baadaye mchoro wangu wa matumizi ya umeme ulionyeshwa katika mkutano wa wataalamu bila jina langu, na walioupigia makofi sikuwaona tulipokuwa tukichimba msingi wa tangi.

Hata hivyo, mtambo huu si taa ya kuwasha na kuzima upendavyo. Maji ya bahari husukumwa kwenye tando, yaani ngozi nyembamba zinazopitisha maji na kuzuia chumvi, kwa shinikizo linalozidi mara 50 lile la hewa. Ukilipunguza, maji matamu hupungua lakini chumvi huendelea kupenya karibu kwa kiwango kilekile, na mteja ataionja. Maji ya bahari yakiachwa ndani ya mtambo uliosimama, vijidudu huota juu ya tando. Ni lazima basi kila unaposimamisha usuuze kwa maji matamu uliyoyatenga kwa kazi hiyo, na upandishe shinikizo polepole unapoanza tena. Usikimbizane na kila wingu. Dakika zile za kivuli ni kazi ya betri, saa za usiku ni kazi ya tangi. Ukiweza, nunua mitambo miwili midogo badala ya mmoja mkubwa.

Pima tangi kwa siku mbaya, si kwa siku nzuri. Kusi likivuma bahari huchafuka na vichujio huziba, na masika huleta mawingu. Siku jenereta isipoepukika, washa mtambo wa maji wakati huohuo, kwa sababu jenereta inayokwenda muda mrefu chini ya takriban asilimia 30 ya uwezo wake haichomi dizeli vizuri na hujaa masizi. Vijana wenzangu, acheni kununua kwa kusikiliza wauzaji, pimeni kwanza.

Kwa aliyeniandikia: andika kila saa, kwa wiki nzima, umeme unaotoka kwenye paneli na ule unaoingia kwenye pampu. Ukiona inveta inazibana paneli mchana, jenga tangi. Ukiona paneli zinatoa zote zilizo nazo na bado hazitoshi, basi huna ziada ya kuhifadhi, na fedha za betri zitumie kununua paneli.