Asili Haijumlishwi: Nilivyoelewa Sehemu Nikiwa Fundi Cherehani

Wiki iliyopita baba mmoja wa Kondoa aliniandikia kwamba mwanawe wa darasa la tano amerudi nyumbani na daftari la Hisabati lililojaa alama za kukosa, kwa sababu kila anapojumlisha sehemu huzijumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake. Aliniuliza kama mtoto huyo ana akili nzito. Niliusoma ujumbe ule nikiwa kwenye meza yangu ya kukatia nguo hapa Majengo, Dodoma, nikauweka mkasi chini, kwa kuwa kosa la mtoto huyo nalijua kwa jina, na jina hilo liliwahi kuwa langu.

Nilipokuwa darasa la nne katika shule ya kijiji kimoja wilayani Bahi, niliitwa ubaoni nijumlishe nusu na theluthi. Niliandika 1/2 + 1/3 = 2/5 kwa mwandiko ambao hadi leo naamini ulikuwa mzuri kuliko wa mwalimu mwenyewe. Hakunieleza nilipokosea, aliligeukia darasa akauliza kama wote wameiona hiyo mbili ya tano, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo hadi nilipomaliza darasa la saba niliitwa Mbili ya Tano, darasani, kisimani na hata kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Watu huniambia kwamba huo ulikuwa utoto tu, lakini wanaosema hivyo hawakuwahi kuitwa jina kama hilo na watoto wa darasa la pili.

Miaka iliyofuata haina jambo kubwa la kusimulia. Nilikuja mjini, nikajifunza ushonaji kwa mama mmoja aliyekuwa mkali wa vipimo, na siku moja akaniagiza nikate kitambaa cha nusu yadi na theluthi ya yadi kikiwa kipande kimoja. Nilitandaza futi, ndivyo mafundi tunavyouita utepe wa kupimia, nikahesabu. Yadi moja ni inchi 36, kwa hiyo nusu yake ni inchi 18 na theluthi yake ni inchi 12, jumla inchi 30. Kisha, kwa udadisi wa mtu aliyebeba kidonda, nikatafuta mbili ya tano ya yadi hiyo hiyo, nikapata inchi 14 na kidogo. Nilisimama nikiitazama futi kwa muda mrefu. Jibu langu la darasa la nne lilikuwa fupi kuliko nusu niliyoanza nayo, yaani nilikuwa nimeongeza kitambaa kikapungua! Kama mwalimu yule angelisema sentensi hiyo moja tu, nisingelibeba jina lile kwa miaka mitatu.

Hapo ndipo maneno niliyoyakariri yalipoanza kusema nami. Namba ya juu huitwa kiasi, na ya chini huitwa asili, na Kiswahili hakikuyachagua maneno hayo ovyo. Kiasi hujibu swali la vipande vingapi, ilhali asili hueleza vipande hivyo ni vya jinsi gani, yaani kitu kizima kilikatwa vipande sawa vingapi hata vikapatikana. Nusu imetoka katika ukoo wa wawili, theluthi katika ukoo wa watatu, na mtu hawezi kuzihesabu pamoja mpaka azilete kwenye ukoo mmoja. Kazi hiyo ndiyo hufanywa na KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika: KDS ya 2 na 3 ni 6, nusu inageuka 3/6, theluthi inageuka 2/6, na jumla ni 5/6. Sudusi moja ya yadi, yaani moja ya sita yake, ni inchi 6, na sudusi tano ni inchi 30 zile zile. Viasi vimejumlishwa, asili imebaki ilivyo, kwa sababu asili ni jina, na majina hayajumlishwi.

Neno sehemu nalo lina mtego wake. Nyumbani tunasema sehemu tukiwa na maana ya kipande chochote, lakini katika Hisabati vipande lazima viwe sawa, na kitenge kilichokatwa vipande vinne vya upana tofauti hakina robo hata moja. Mtego mwingine ni kudhani kwamba asili kubwa huleta sehemu kubwa, na hata wanafunzi wangu wa ushonaji huja wakiamini kwamba 1/8 inazidi 1/4. Futi huwatibu kwa dakika moja, kwa kuwa inchi iliyogawanywa mara nane ina vipande vyembamba kuliko ile iliyogawanywa mara nne. (Wazee nao walituchanganya kwa kuiita sarafu ya senti 50 thumuni, ilhali thumuni ni moja ya nane na senti 50 ni nusu ya shilingi.)

Kuhusu sehemu guni, ambayo kiasi chake ni kikubwa kuliko asili, kama 7/4, watoto huiogopa kwa jina lake. Washairi huita guni shairi lenye dosari ya vina au mizani, lakini 7/4 haina kosa lolote; ni robo saba, yaani yadi moja na robo tatu, na ukipenda kuiandika hivyo umepata sehemu mchanganyiko.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, mpe mtoto kitu cha kushika kabla ya kumpa kalamu. Mzuie kusema namba ya juu na namba ya chini. Aseme kiasi na asili, kila mara, hata akichoka. Kila akipata jibu, alilinganishe na alichoanza nacho, na kama amejumlisha kisha jibu likapungua, arudi kwenye asili. Na wewe usimcheke. Ukimcheka umeacha kumfundisha, na mwalimu anayechekesha darasa kwa kosa la mtoto ajue kwamba mtoto huyo atalikumbuka jina atakalopewa kuliko somo lenyewe.

Baba wa Kondoa nimemjibu kwamba mwanawe hana akili nzito. Nimempelekea kwa basi futi yangu ya zamani, nikiwa nimeikata ikabaki na inchi 36 kamili, pamoja na karatasi yenye swali moja tu: nusu ukiongeza theluthi.