Nishukuruje na kazi sina?

SWALI: Mama, shikamoo. Huu ni mwezi wa nane sina kazi. Kanisani naambiwa nishukuru kwa kila jambo, lakini nikijaribu najiona mnafiki. Je, imani yangu imekufa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Imani iliyokufa haiumii hivyo. Paulo alipowaandikia Wathesalonike (1 Wathesalonike 5:18), neno lake la Kigiriki lina maana ya "katika" kila jambo. Hujaambiwa umshukuru Mungu kwa kuwa umepoteza kazi. Umeambiwa ushukuru ukiwa humo humo. Na ile "furahini katika Bwana" ya Wafilipi aliiandika akiwa kifungoni!

Nilipofiwa na mume wangu, maneno ya kuomba yaliniisha. Nikawa naandika mstari mmoja kila usiku nyuma ya kalenda ya ukutani. "Leo mtoto amecheka." Usiku mwingine: "Leo sina kitu, Bwana." Na hiyo ilikuwa sala, naamini kwa moyo wangu wote. Hata nabii Habakuki, katika kitabu chake cha Biblia, alianza kwa kulia "hata lini?", ndipo katika sura ya 3, mtini haujachanua na zizi halina ng'ombe, akasema atamfurahia Bwana.

Jingine: mtu akikuletea msaada, pokea. Mimi nilikuwa nakataa, kiburi changu nikakiita imani, na watoto wakaumia.

Usiku wa leo andika mstari mmoja, hata ukiwa wa malalamiko. Kisha niandikie tena, mwanangu. Nakuombea.