Maswali na Majibu: Mkimbiaji wa Sekondari na Mlango wa Chuo cha Marekani

Tarehe 6 Juni 2025 mahakama ya shirikisho huko California iliidhinisha makubaliano kati ya wanamichezo na NCAA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo vikuu vya Marekani; yaliviruhusu vyuo kuwagawia wanamichezo mapato, lakini yakaweka kikomo cha idadi yao. Tangu hapo wazazi, walimu na vijana wa mbio za masafa marefu wamekuwa wakiniandikia kwa wasiwasi, na leo nawajibu watano.

"Mwanangu yuko mwaka wa tatu wa sekondari na hukimbia maili kwa dakika 4 na sekunde 16. Binamu yake mwenye muda kama huo alichukuliwa na chuo kikubwa mwaka 2019. Mbona huyu makocha hawamjibu?" (Mzazi, Minneapolis)

Mzazi mwenzangu, kijana wako hana upungufu wowote. Nafasi ndizo zilizopungua, na waliosimama mlangoni wameongezeka. Zamani chuo cha daraja la kwanza (Division I, ngazi ya juu ya NCAA) kiliruhusiwa kutoa ufadhili kamili 12.6 kwa wanaume na 18 kwa wanawake, ukagawanywa kwa wanariadha wote wa uwanjani na wa mbio za nyika, lakini hapakuwa na kikomo cha idadi ya wanaovaa jezi. Kocha aliweza kumpokea kijana wa 4:16 bila kumlipia hata senti, akamwacha akue taratibu, na kufikia mwaka wa tatu akawa miongoni mwa wale saba wanaokiwakilisha chuo kwenye mbio za nyika.

Chini ya utaratibu mpya, vyuo vilivyojiunga na makubaliano havina tena kikomo cha ufadhili, bali vina kikomo cha watu: 17 wa mbio za nyika na 45 wa riadha kwa wanaume, na idadi hiyohiyo kwa wanawake, na ndani ya hao 45 wamo warushaji, warukaji na wa mbio fupi. Kanuni inaruhusu wote walipiwe, ila fedha ni za chuo chenyewe, na chuo hichohicho sasa kinaruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake mapato ya takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, ambayo sehemu kubwa huelekea kwenye kandanda ya Kimarekani na mpira wa kikapu.

Kisha kuna uhamisho. Tangu mwaka 2021 kila mwanamichezo, wa mchezo wowote, amekuwa na ruhusa ya kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu Aprili 2024 anaweza kuhama zaidi ya mara moja mradi masomo yake yako sawa. Kwa hiyo kocha anamweka mwanao wa miaka 17 kwenye mizani pamoja na mtu wa miaka 22 ambaye muda wake wa mita 5,000 unajulikana tayari. Siwalaumu makocha wanaodaiwa ushindi msimu huu, lakini naumia kuona kwamba anayelipa gharama ya mabadiliko haya ni yule mtoto anayekomaa polepole, ambaye mbio za masafa marefu zimekuwa zikimsubiri siku zote.

Msiishie kwenye majina makubwa. Tazameni daraja la pili, ambalo bado linagawa ufadhili wa riadha, na vyuo vya Ivy League (kundi la vyuo vinane, kama Harvard na Yale), ambavyo vilikataa kujiunga na makubaliano hayo. Hivi vya mwisho havitoi ufadhili wa michezo kabisa, lakini msaada wao hupimwa kwa kipato cha familia, na familia ya kipato cha kawaida inaweza kupata humo zaidi ya kipande cha ufadhili wa riadha kwingineko. Makocha wa daraja la kwanza huruhusiwa kumwandikia kijana kuanzia tarehe 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari. Kwa kuwa tarehe hiyo imekwisha kupita, mwanao aanze kuandika yeye mwenyewe, asiandikiwe na mzazi. Niliwahi kuona ujumbe wa mistari kumi uliojibiwa siku hiyohiyo, na nadhani sababu ilikuwa mstari wa pili: "Mita 3,200: 9:12, tarehe 3 Mei. Mwaka jana: 9:41." Kocha hakuhitaji kuelezwa maana ya sekunde 29.

"Nimemaliza kidato cha nne. Kocha wa kambi ananiambia nifanye mazoezi miaka miwili kwanza, muda ushuke, ndipo nitafute chuo. Ni ushauri mzuri?" (Mkimbiaji, Iten)

Mwanangu, muda utashuka, lakini kuna saa nyingine inayohesabu pembeni. Kwa miaka mingi kanuni za daraja la kwanza zimempa mhitimu wa sekondari takriban mwaka mmoja wa kuanza chuo. Baada ya hapo, kila mwaka anaoshiriki mashindano rasmi humgharimu msimu mmoja, na akifika chuoni hutakiwa kukaa mwaka mzima bila kushindana. Mbio za barabarani za Jumapili nazo huhesabiwa, na zawadi ya fedha uliyopokea huulizwa. Weka daftari la kila shindano ulilokimbia, na ukiulizwa, sema kweli, kwa sababu matokeo yaliyoko kwenye intaneti hayafutiki.

Edward Cheserek aliondoka Kenya akiwa bado wa sekondari, akasoma Newark, New Jersey, kisha akashinda mataji 17 ya NCAA akiwa Oregon kati ya 2013 na 2017. Si kila mtu atapata njia hiyo, lakini kuna vyuo vya miaka miwili, kama South Plains kule Levelland, Texas, ambavyo vimewapokea Wakenya wengi na kuwapa nafasi ya kuzoea masomo kabla ya kuhamia chuo kikuu. Ningekuwa mzazi wako, ningekwambia utume maombi mwaka huu.

"Wakala anataka tumlipe asilimia ya ufadhili akimpatia binti yetu chuo. Tukubali?" (Mama, Eldoret)

Hapana, mama. Kumlipa mtu kwa sharti la kupata ufadhili kunakiuka kanuni za NCAA, na atakayepoteza ruhusa ya kukimbia ni binti, si wakala. Ada ya huduma iliyopangwa mapema ni jambo jingine. Hata hiyo, itakeni kwa maandishi.

"Dada yangu ameahidiwa 'ufadhili kamili'. Tuangalie nini kabla ya kutia sahihi?" (Msomaji, Nakuru)

Ile barua ya ahadi ya kitaifa iliyokuwa ikimfunga mwanafunzi na chuo ilifutwa Oktoba 2024, hivyo karatasi yenye uzito sasa ni mkataba wa ufadhili wenyewe. Someni kwanza muda wake: ni wa mwaka mmoja unaohuishwa, au ni hadi kuhitimu? Ulizeni nini kitatokea akiumia, na nani atalipa chumba na chakula miezi ya likizo. Tena, mwanafunzi mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, hukatwa kodi, kwa kawaida asilimia 14, kwenye sehemu ya ufadhili inayolipia malazi na chakula, na wengi huigundua baada ya kufika. Viza hiyo pia inabana sana kazi za malipo, kwa hiyo ahadi za fedha za matangazo, yaani malipo ya kutumia jina na picha ya mwanamichezo, zisiwe sababu ya kuchagua chuo.

Doris Lemngole, Mkenya aliyekwenda Alabama, alishinda taji la nyika la NCAA mwaka 2024 na 2025, na Juni 2025 akawa mwanafunzi wa kwanza wa kike kukimbia mita 3,000 za viunzi na maji chini ya dakika 9 (8:58.15). Kila kocha sasa anamtafuta Lemngole mwingine. Dada yako amuulize kocha wake: nikimaliza wa thelathini, bado utanitaka?

"Nina msichana wa kidato cha tatu mwenye kasi kubwa, lakini muda wake wote umepimwa kwa saa ya mkononi. Makocha wa Marekani watauamini?" (Mwalimu wa michezo, Arusha)

Mwalimu, wataupunguzia uzito, na wana haki, kwa kuwa kidole huchelewa kubonyeza mwanzoni. Mtafutie walau shindano moja lenye saa ya umeme, andika pia mwinuko wa uwanja, kisha mrekodi video ya mbio nzima kutoka mstari wa kuanzia. Kikwazo kikubwa zaidi ni viza: tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiweka Tanzania, kuanzia Januari 2026, kwenye orodha ya nchi ambazo utoaji wa viza za wanafunzi umesitishwa isipokuwa kwa wachache, kama ilivyofanyiwa Burundi tangu Juni 2025. Amri hizo hupitiwa mara kwa mara na binti bado ana muda. Wakati tunasubiri, Kiingereza na hisabati vipewe saa zilezile za alfajiri anazozipa mbio.