Anaheshimu au anaheshimika?

SWALI: Ninaandika maelezo mafupi ya tamthilia za Kihindi. Mhariri wangu ameikataa sentensi hii: "Mhusika mkuu ni kijana anayeheshimika ambaye mtazamaji anaweza kujihusisha naye." Kosa liko wapi?

JIBU: Mhariri wako ana haki. Nimechoka kulisoma neno "anayeheshimika" likibandikwa kwa kila mwanamume mpole wa kwenye runinga.

Heshima tumeipata kwa Waarabu, ambao hishma yao ni haya na staha. Kitenzi chake ni kuheshimu. Ukikitia -ik-, unamhamisha mtendaji: wali unaolika hauli, barua inayosomeka haisomi, na mtu anayeheshimika hajasemwa kuwa anamheshimu yeyote. Kilichosemwa ni kwamba wengine humpa yeye heshima.

Mtazame Vanraj Shah wa "Anupamaa", tamthilia iliyoanza katika runinga ya Star Plus ya India mwaka 2020. Vanraj anaheshimika sana: ni baba wa watoto watatu, ana kazi ya ofisini, na nyumba nzima humsikiliza akizungumza. Mkewe Anupamaa, anayeamka kabla ya wote ili chai iwe tayari, Vanraj humdharau kwa sababu Kiingereza hakimpandi na kazi yake ni ya jikoni. Kisha anamsaliti kwa mwanamke wanayefanya naye kazi. Kwa sentensi yako, huyu ndiye mwanamume wa kuigwa! Anuj Kapadia, aliyesoma na Anupamaa chuoni na kuingia katika hadithi mwaka 2021, anapendwa na watazamaji kwa sababu anamheshimu Anupamaa: anamsikiliza, anauthamini ujuzi wake, na uamuzi anamwachia mwenyewe. Ile -m- katika "anamheshimu" ndiyo iliyobeba sifa yote, kwa kuwa kitenzi hiki hudai kumjua anayeheshimiwa, ilhali "anaheshimika" humpa mwandishi nafasi ya kumsahau mke kabisa.

Kwa Kihindi mzungumzaji huweza kuonyesha heshima kwa kuchagua "aap" badala ya "tum", au kwa kuongeza "ji" baada ya jina. Sisi kwa kawaida tuna "wewe" moja tu, kwa hiyo tusipoisema heshima kwa kitenzi kilicho wazi, inapotea.

"Mwenye heshima" nakuvumilia, ingawa lina pande mbili: kijana mwenye heshima ana adabu, lakini mzee mwenye heshima zake huenda ana cheo tu.

Ama "kujihusisha naye", liondoe. Watu hujihusisha na biashara au na siasa. Sema mtazamaji anajiona ndani yake, kisha utaje kinachomfanya ajione. Sooraj Rathi wa "Diya Aur Baati Hum", iliyorushwa kuanzia 2011 hadi 2016, ni halwai wa Pushkar, Rajasthan, yaani mpishi na muuzaji wa vitu vitamu. Neno hilo ni ndugu wa halua yetu. Hakusoma sana, na mama yake alitaka mkwe asiye na elimu kubwa, lakini Sooraj alisimama na mkewe, hadi Sandhya akawa afisa wa polisi. Mwandikie hivi: "Mhusika mkuu ni muuza halua wa Pushkar anayemheshimu mkewe, na anayesimama naye mbele ya mama yake mwenyewe ili asome."