Unga wa kufufua betri ya sola

Ndugu, umeuliza kama ule unga wa kutia kwenye betri ya sola kweli huirudishia nguvu. Usiutie bado. Muuzaji akikuonyesha betri iliyoamka, muulize kama aliichaji kwanza. Kuchaji taratibu peke yake huamsha betri nyingi zilizolala, halafu sifa unapewa unga.

Tafuta betri mbili za volti 12, za aina na umri mmoja. Zijaze maji ya betri (si asidi), zichaji zijae, ziache saa kadhaa zitulie. Washa taa ileile kwa kila moja, uandike muda mpaka mita isome volti 11.5, kisha zima. Rudia mara tatu. Ndipo utie unga kwenye moja tu, zote uzichaji sawa, upime upya. Ukiona tofauti ya dakika chache, hakuna kitu hapo.

Marekani walibishana hivi juu ya unga wa AD-X2. Maabara ya serikali iliupima, haikuona faida, na mwaka 1953 mkurugenzi wake Allen Astin alitolewa kazini, baadaye akarudishwa.

Leo jioni angalia vichwa vya betri yako. Ukikuta ukungu mweupe, safisha, ukaze nyaya.