Mwanangu, kuhusu hiyo 18 uliyoniuliza

Mwanangu, meseji yako nimeiona, unasema mdogo wako katimiza 18 na sheria ya Tanzania inamruhusu, sasa mama unamzuia bia kwa nini, na mbona Marekani wanasema 21, nani yuko sahihi. Nakujibu kwa kirefu manake hili jambo linaniuma.

Hao Wamarekani walishapita huku huku. Miaka ya 70 majimbo mengi yalishusha umri mpaka 18 au 19, vijana wakawa wanaisha barabarani, ndo mwaka 1984 rais wao Reagan akasaini sheria kwamba jimbo lisilopandisha mpaka 21 linakatwa hela za barabara, kufika 1988 majimbo yote yakawa yamepandisha na ajali za vijana zikapungua kweli. Walichoka kuzika watoto.

Sisi hapa Dar hata hiyo 18 iko kwenye karatasi tu. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilipigwa marufuku Machi 2017 nikashukuru Mungu, manake mtoto alikuwa anafutika kwenye soksi anaingia navyo darasani, ila sa hivi kuna vile vichupa vidogo. Juzi hapa grosari ya mtaani Tabata nimemkuta kijana kavaa suruali ya shule, katoa elfu tano kapewa kichupa na chenji, muuzaji hata usoni hajamwangalia, namwambia dada huyu si mwanafunzi, ananijibu "katumwa huyo mama". Kitambulisho nani anauliza?

Af ubongo haukomai siku ya bethdei. Unaendelea mpaka kwenye miaka 25 hivi, na sehemu inayochelewa kabisa ni ile ya kupima hatari, ambayo ndo pombe inailaza. Na anayeanza mapema ana hatari kubwa zaidi ya kuja kuwa mlevi.

Mimi ningependa iwe 21 hata hapa, ila kwanza wauzaji waanze kuuliza hiyo 18. Mdogo wako simfungii ndani, nimemwambia asubiri, na siku akinywa huko na wenzake asiguse pikipiki wala asipakizwe na aliyelewa, apige simu hata saa nane usiku baba yenu atamfuata na hakuna atakayemgombeza usiku huo. Wewe anakusikiliza kuliko mimi, mpigie Jumamosi akitoka kazini umwambie hivyo hivyo.