Kabla ya kushika kikokotoo, tazama kilichomo chupani

Shikamoo Mwalimu. Nina asidi ya siki 25 cm³ ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita). Nimetia besi, NaOH ya 0.1 M, 10 cm³. Nikitumia kanuni ya kipeuo cha pili nakosa pH, kile kipimo cha uasidi. Kwa nini?

Marahaba. Kanuni hiyo mwisho wake ni kabla ya tone la kwanza. Ka, namba inayoonyesha asidi hii huachia haidrojeni kwa kiasi gani, ni 1.8 × 10⁻⁵. Izidishe kwa 0.1, chukua kipeuo cha pili, utapata ioni za haidrojeni 1.34 × 10⁻³ M, yaani pH 2.87. Ukishatia besi, chupani hamna tena asidi peke yake. Ilikuwepo milimoli 2.5, besi imekula 1.0 na kuzaa chumvi 1.0, asidi imebaki 1.5. Hiyo sasa ni bafa, mchanganyiko wa asidi dhaifu na chumvi yake. Chukua pKa, yaani logi ya Ka iliyogeuzwa alama, ambayo ni 4.74, ongeza logi ya chumvi kwa asidi:

pH = 4.74 + logi (1.0 ÷ 1.5) = 4.57

Ujazo mpya wa 35 cm³ usikusumbue. Chumvi na asidi zimo katika maji yaleyale, kwa hiyo unajikata wenyewe. Wanafunzi wengi hupoteza muda mwingi hapa, na inaniuma.

Nikifika 12.5 cm³ je?

Chumvi na asidi zimelingana, logi ya 1 ni sifuri, pH ni 4.74. Ukipewa asidi usiyoijua, isome pKa yake hapo.

Asidi na besi zikimalizana, kwenye 25 cm³, mbona pH si 7?

Kwa sababu chumvi iliyobaki hainyamazi. Ioni za asetati huyanyang'anya maji haidrojeni na kuacha OH⁻. Milimoli 2.5 ndani ya 50 cm³ ni 0.05 M. Kb, namba kama Ka ila ya upande wa besi, ni 10⁻¹⁴ ÷ 1.8 × 10⁻⁵, yaani 5.6 × 10⁻¹⁰. Zidisha kwa 0.05, chukua kipeuo: OH⁻ ni 5.3 × 10⁻⁶. pOH, logi yake iliyogeuzwa alama, ni 5.28; itoe kwenye 14, pH ni 8.72.

Kiashiria, ile rangi ya kuonyesha mwisho, maabara yetu ina methili oranji tu. Itafaa?

Haifai, mwanangu. Inamaliza kubadilika kwenye pH 4.4, na asidi yako hufika hapo besi ikiwa haijafika hata 8 cm³. Omba fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka waridi kwenye besi. Weka karatasi nyeupe chini ya chupa, na ukikaribia 24 cm³ fungua bureti tone kwa tone huku ukitikisa. Kwenye 24.9 cm³ pH ni 7.14, kwenye 25.1 ni 10.30. Kati yake ni matone kama manne tu. Waridi hafifu likidumu nusu dakika, funga.